Jina Nililoandika Kati ya Wafu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena, maana mimi sikustahili kusimama hapa mbele yenu!

Wengi munanijua, mimi Papa Aziza wa gazeti. Lilikuwa karatasi moja tu, pande mbili, kila siku isipokuwa siku ya Bwana. Maduka yaliweka matangazo, wasomaji wakalipata bila kulipa, kwa hiyo wakaliita "Bule". Ndugu zangu, Bule lilipendwa! Bei ya ndagala, wale samaki wadogo, boti za kutoka Kigoma, siku umeme wa bwawa la Bendera utakatika, arusi, vilio, yote yalikuwa humo. Nikipita sokoni wamama waliniita, "Papa Gazeti! Leo umetuletea nini?" Kichwa kikanivimba.

Kisha boti ya kutoka Moba ikazama. Muji wote ulilia, ukitaka majina. Muntu mumoja wa bandarini akanipa orodha ya abiria. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, aliyekuwa akipiga maandishi, akasita.

"Papa Aziza, hawa njo walioandikwa kupanda. Nani amewaona wamekufa? Tungoje kesho."

"Kesho redio itakuwa imesema," nikamujibu.

Tukatoa majina yote, kama ya wafu.

Kulikuwa na mujane muuza samaki, Mama Feza. Feza alikuwa mutoto wake wa pekee, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ile. Mama huyo hakujua kusoma. Jirani akamusomea gazeti langu. Akaanguka palepale, kando ya beseni lake la samaki. Hakuamka tena. Siku ya tatu Feza akafika kwa pikipiki, muzima! Homa ilimuzuia kupanda boti, na simu yake ilikuwa imezima. Alikuta mama yake amekwisha kuzikwa.

Na mimi? Ndugu zangu, nilinyamaza! Kesho yake niliandika habari za barabara. Niliogopa gazeti langu kuchekwa. Lakini watu walijua. Karatasi zikabaki sokoni bila wa kuziokota, maduka yakaondoa matangazo, Bule likafa. Nikajifungia ndani. Kuomba nilishindwa, nikifungua kinywa, jina la Feza njo lililotoka.

Asubuhi moja Feza mwenyewe aliingia biro, ofisini mwangu. Nilingoja matusi.

"Papa," akasema, "mama alikufa akiamini nimekufa. Andika kwamba niko muzima. Andika pia nani alikosea."

Nilipiga magoti, nikamulilia Yesu kwa sauti! Tukatoa karatasi ya mwisho, kosa langu na jina langu juu kabisa. Niliigawa mwenyewe, mulango kwa mulango, nikiwasomea wasiojua kusoma. Siku ile Bwana alinifungua kifua. Nilipumua!

Feza hajaniambia amenisamehe. Simulazimishi. Mama yake harudi, na ningetoa yote niliyo nayo ili siku ile nimusikilize bibi yangu.

Asante Yesu, uliyenipokea nikiwa vile! Ndugu yangu unayeficha neno, usingoje mwenye kuumia akufuate mpaka mulangoni. Mutumaini Bwana, simama leo, uende kwake wewe kwanza. Kama unaogopa, mimi nitakusindikiza.