Mti wa Shangazi na Fomu ya Safari

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, upande ambao jua la alasiri hufika likiwa limeshachoka. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na kila msumari wake tunaujua kwa makalio. Mwishoni ipo meza yangu ya kutengenezea saa, kwa hiyo nasikia kila kitu na kazi za watu zinachelewa. Wenzangu ni watatu. Wembe ndiye kinyozi mwenyewe. Sindano ni mwanamama mwenye cherehani barazani. Breki aliendesha malori maisha yake yote, na leo hata baiskeli haigusi. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye kwa damu si shangazi wa yeyote kati yetu. Jumamosi anahama nchi, anakwenda kuishi kwa binti yake ng'ambo, na anataka kuondoka na mti wake. Alhamisi hii ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka fomu ya mti.

Mti ulikuwa wa kufika kiunoni, majani mapana, kijani juu na mekundu kwa chini, ndani ya kopo kubwa la rangi. Aliletewa na marehemu mumewe. Kijiwe kina sheria moja tu: ukimaliza kahawa, machicha yako yamwagie mti wa Shangazi. Sasa masharti ya safari yalisema mizizi isiwe na udongo hata chembe. Basi Wembe akatoa beseni na brashi yake ya kupaka sabuni ya ndevu, akaung'oa mti taratibu, akaanza kuuosha.

Wembe: Tulia, mzee. Usiogope maji.

Breki: Unaongea na nani?

Wembe: Na mteja.

Sindano alikuwa ameitandaza fomu juu ya meza ya cherehani, kalamu mdomoni, futi shingoni. Akainama akaupima mti pale pale ndani ya beseni.

Sindano: Urefu, sentimita tisini na mbili. Kiuno, sentimita nne.

Breki: Fomu imeuliza kiuno?

Sindano: Haijauliza. Lakini mimi simpimi mtu nusunusu. Afya?

Wembe: Njema. Andika hauna mba.

Breki: Na ndani ya begi utaingiaje, mrefu wote huo?

Sindano: Samaki mkunje angali mbichi. Tutaukunja.

Mimi: Methali hiyo ni ya kulea watoto, Sindano.

Sindano: Na huu ni nini? Ameulea nani?

Shangazi alicheka kidogo, akamimina kahawa. Mvuke ulipanda ukapita kwenye majani, na sote tukautazama hadi ukaisha. Alasiri ile ilikuwa na usingizi ndani yake. Hata magari barabarani yalipita kama yanaomba radhi.

Breki: Niwaambie kitu. Mimi niliwahi kubeba mche mbele, karibu na kioo. Kilomita mia tisa. Kila nikikata kona, jani linageuka, linatazama tulikotoka.

Wembe: Upepo huo.

Breki: Vioo nilivifunga! Nikisimama kula, linanyooka. Nikiwasha gari, linageuka tena. Nikaona aibu, bwana. Nikawa naendesha kama mtu aliyeiba mtoto.

Sindano: Ulifika nao?

Breki: Nilifika nao. Ila tangu siku hiyo ulikuwa umeinamia huku.

Hatukumbishia. Breki ni mwongo, lakini uongo wake huwa na mahali pa kukaa.

Mimi: Mnasahau jambo la saa. Mti huu hukunja majani saa kumi na mbili na nusu kila jioni, nimeufuatilia kwa saa tatu tofauti. Huko anakokwenda Shangazi saa ni nyingine kabisa. Utakuwa unalala wenzake wanaamka.

Wembe: Si utazoea?

Mimi: Mtu akisafiri anarekebisha saa mkononi. Mti utarekebisha wapi? Humo ndani kuna kisaa chake kidogo, na fundi wake mimi simjui.

Sindano: Basi utakuwa unaota ndoto mchana, mbele za watu.

Shangazi: Utaota nini?

Breki: Machicha.

Wembe aliinua mzizi mmoja mweupe juu ya maji, mwembamba kama uzi wa kushonea, akausafisha kwa ncha ya brashi.

Wembe: Usicheke. Nilikuwa na mteja, nywele zake nilizifagia nikazifukia humu koponi. Akahama. Mwaka uliofuata alikuja likizo, akaniambia, Wembe, kule kila nikinyolewa kichwa kinanukia kahawa.

Sindano: Acha wee!

Wembe: Haki ya nani. Kinyozi wa kule akawa anamuuliza, unapaka nini?

Breki: Kwa hiyo na sisi tumo humo. Machicha ya miaka yote hii, yametoka kwenye vikombe vyetu, na mate yetu ndani. Huu mti ukipandwa kule, siku moja mtu atapita dirishani kwa Shangazi atasikia watu wanabishana.

Sindano: Atakusikia wewe ukidanganya.

Breki: Na wewe ukikata maneno yangu. Lakini siku mbili tu! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mimi: Jembe apewe nani?

Breki: Si ndiye mgeni? Mti.

Mimi: Mti ushike jembe?

Breki: Umesafiri kwa ndege utashindwa jembe?

Sindano: Kabla ya jembe, baridi. Nitaushonea koti. Kila jani mkono wake.

Wembe: Majani thelathini na moja.

Sindano: Basi mikono thelathini na moja. Nimeshashonea kwaya nzima kwa siku nne, litanishinda hili?

Shangazi alikaa kwenye kibao chake, birika mapajani, mikono juu ya birika.

Shangazi: Mkiongea hivi, wanangu, najiona kama naenda sokoni tu, jioni narudi.

Wiki nzima tulikuwa tunazungumza habari za mti kwa sababu habari za Shangazi zilitushinda. Nasema wazi, mimi nilikuwa na huzuni. Mti angalau tuliweza kuuosha.

Pikipiki ikasimama. Akashuka msichana, kofia ngumu kwapani, mkoba wa ofisi ya wasafirishaji begani.

Tarishi: Shikamooni. Nimekuja kuchukua fomu ya mmea.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Iko tayari.

Sindano: Zaidi ya tayari. Mpaka kiuno kimo.

Msichana akaisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akageuza. Akarudi ukurasa wa kwanza.

Tarishi: Hapa juu kabisa mmepaacha wazi.

Sindano: Wapi?

Tarishi: Hapa. Mti wenyewe unaitwaje?

Sindano akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi, na mimi nikaitazama saa ya mteja. Kila mmoja wetu alikuwa ameacha mstari ule akijua mwenzake ataujaza.

Wembe: Unaitwa... mti wa Shangazi.

Tarishi: Huyo ni mwenye mti. Jina la mti.

Breki: Andika mti.

Tarishi: Mzee, wanataka jina. Bila jina hawaupi cheti, na bila cheti hauingii kwenye ndege.

Sote tukamgeukia Shangazi. Aliweka birika chini.

Shangazi: Marehemu aliuleta mchana, umefungwa kwenye gazeti lililolowa. Nikamuuliza, mume wangu, hiki nini? Akasema, subiri uchanue, nitakwambia. Alipenda kuniweka roho juu. Sikumuuliza tena. Nikasubiri.

Tarishi: Ulichanua lini, mama?

Shangazi: Bado.

Msichana akavua mkoba begani, akakaa ukingoni mwa benchi bila kukaribishwa.

Tarishi: Yuko mtaalamu wetu. Lakini na yeye, kitu cha kwanza huomba aone ua.

Shangazi: Na mstari hauwezi kubaki hivyo?

Tarishi: Ningeweza ningeuacha, mama. Haki ya Mungu.

Shangazi alipiga magoti kando ya beseni. Akaingiza mkono majini, akaipitisha mizizi kati ya vidole vyake, kama mtu anayechana nywele za mtoto.

Shangazi: Binti yangu anajifungua mwezi ujao. Yeye hawezi kungoja uchanue. Rudisheni udongo.

Wembe: Shangazi, tunaweza kubuni jina. Nani atajua?

Shangazi: Mimi. Rudisheni udongo, baba.

Tukashuka wote kwenye benchi. Wembe alishika shina, Breki alizoa udongo uliomwagika barazani, mimi na Sindano tukawa tunaujaza koponi. Shangazi alimimina kikombe cha mwisho, akampa yule msichana. Akainamisha birika tena, halikutoa kitu.

Shangazi: Siku utakapochanua, niambieni unaitwaje. Nyote mnasikia? Nani atakuwa hapa siku hiyo aniambie?

Breki ana miaka sabini na tisa. Wembe ameshaambiwa jengo linauzwa. Sindano macho yake hayaoni tena tundu la sindano bila miwani yangu. Tulikuwa watu wanne, mikono minane ndani ya kopo moja, kila mmoja akijifanya anatafuta mzizi.