Almasi ya Lamya

Himid alizitazama picha mbili za maumbo ya almasi kwa uzito wa kadhi anayegawa mirathi, ingawa basi la Carama lilimrusharusha kama mchele katika ungo. Jioni ile fundi angekata jiwe la pete ya uchumba ya Lamya, na almasi ikikatwa haishonwi.

“Chukua ya muviringo,” mama aliyeketi pembeni akahukumu bila kuulizwa. “Hiyo ya umbo la chozi iko na ncha, itamuchoma kiganja.” “Mama, jiwe inakaaga juu, si mu kiganja,” Himid akapinga. “We unaoa mwaka gani, mutoto wangu?”

Mbele, askari wa kizuizi, mpenzi mkubwa wa vito vya watu, akainua mkono. Wanawake wote wakageuza pete zao, mawe yakaingia kiganjani, wakafumba ngumi.

“Lakini Lamya anapenda chozi,” Himid akanong'ona, na basi likasimama.