Rangi ya Kilemba cha Mama

Marehemu mdogo wangu, ambaye nyumbani tulimwita Kifutio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, binti wa mama mfuaji wa mashuka ya hospitali na baba karani wa stoo. Mimi, dada yake, nilikuwa na miaka tisa. Hadi siku hiyo mama alikuwa wangu peke yangu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Jina la Kifutio alilipata huko, kwa kuchora na kufuta mpaka karatasi inatoboka. Hesabu nilimshinda mbali, na naomba hilo liandikwe. Lakini wageni wakija, baba alitoa michoro yake, si ripoti zangu.

Alihitimu chuo cha sanaa mwaka 1990, akafundisha uchoraji sekondari miaka ishirini na miwili. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi umeme, ambaye alikuwa amerudi darasani kwake mara tatu kurekebisha taa isiyo na hitilafu.

Mwaka 2016, kwenye nyaraka za hospitali, alikuta picha ya mwaka 1965, nyeusi na nyeupe: wanawake sita wakikunja mashuka. Nyuma yake palikuwa pameandikwa, “Vibarua. Majina hayajulikani.” Mmoja alikuwa hayati mama yetu. Mdogo wangu alihangaika miaka miwili kutafuta majina ya wale watano, kisha akawachora wote, kila mmoja mkubwa kama mlango.

Akanipigia simu. “Dada, kilemba cha mama kilikuwa rangi gani?”

“Sikumbuki,” nikamjibu.

Nilikumbuka vizuri sana.

Maonyesho ya michoro hiyo yalifunguliwa kwenye makumbusho tarehe 4 Mei 2019. Mama alikuwa ukutani na jina lake kamili, kichwani kilemba cha bluu. Watu walifuta machozi wakiisifu bluu ile. Mimi nililiona kosa, na nakiri kwamba lilinifurahisha.

Figo za mdogo wangu zilianza kushindwa mwaka 2022. Mchana mmoja, nikimmenyea chungwa wodini, nikamwambia, “Kilemba kilikuwa cha manjano.”

Akauliza, “Manjano ya ndimu au ya kiini cha yai?”

“Ya kiini cha yai.”

“Mbona ulinificha?”

“Kila kitu kilikuwa chako. Nilitaka hiyo rangi ibaki yangu.”

“Dada, wewe ulimpata mama akiwa bado anaimba. Mimi nilimpata amechoka. Nimekuonea wivu tangu nikiwa mdogo. Unadhani nilimchora kwa nini?”

Nikamwomba tuwaambie makumbusho warekebishe. Akakataa. “Hiyo ya bluu ni mama yangu. Wa manjano baki naye.”

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na dada ambaye hana tena wa kumwonea wivu.

Mdogo wangu, amani ya Mungu ikufunike.