Saa Nyuma ya Kiti cha Mgonjwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wanasaikolojia, ndugu wageni waalikwa, majirani zetu wa mtaa wa Villa Crespo, na wewe Mirta, mke wangu, unayestaafu leo:

Wote mmemsifu kwa kujua kusikiliza. Ni kweli. Lakini je, kuna aliyeuliza mumewe husikilizwa lini?

Chumba chake cha kazi kimepakana na jiko letu. Kengele ikilia, sheria ni moja: mimi Anselmo nijifiche, mgonjwa asinione. Nimekunywa chai yetu ya yerba, ya kunywa kwa kupokezana, peke yangu, nikijimiminia maji ya moto mwenyewe, huku ng'ambo ya ukuta mke wangu anacheka na mwanamume nisiyemjua. Jina la mgonjwa ni siri. Nilimwita Bwana wa Alhamisi, kwani kila Alhamisi viatu vyake vililia sakafuni. Ndugu zangu, nilimwonea wivu mpaka nikachukia viatu vya dunia nzima.

Alhamisi moja Mirta akatoka na macho mekundu.

"Kafa?" nikauliza.

"Kapona. Harudi tena."

"Mimi niliposafiri kwenda Rosario hukutoa hata chozi!"

"Wewe ulikuwa unarudi, mzee. Tena na nguo chafu."

Sikuridhika. Nikaweka miadi naye kwa jina la ukoo wa mama yangu, nikapiga kengele, nikaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

"Toka, Anselmo. Mtu hamtibu wa nyumbani kwake."

Nilipoinuka nikaiona: saa ndogo ukutani, nyuma ya kiti, ile anayoichungulia bila mgonjwa kujua, kisha husema, "Tuishie hapo." Nikaelewa kwa nini mezani, kila nikifika penye utamu wa hadithi, macho yake hupanda juu ya kichwa changu, ilikotundikwa saa ya jikoni, naye husema: "Tuishie hapo, Anselmo."

Mheshimiwa Mwenyekiti, wagonjwa walipewa masikio yake, mimi nikaachiwa makombo. Hata nyinyi mnaomkumbatia leo nawaonea kijicho, sifichi. Kuanzia kesho kengele ikilia, hafungui mtu mlango.

Mirta, usihangaike kutazama juu ya kichwa changu. Saa ya ukumbi huu nimemwomba msimamizi wake aitungue kabla hujaingia. Ya jikoni nimeitoa asubuhi.

Mabibi na mabwana, nyinyi asanteni kwa kunisikiliza. Wewe, Mirta, bado. Ndiyo kwanza naanza.