Dada Tone na Damu ya Bwana Harusi

Mama yetu, ambaye kazini na mtaani alijulikana kama Dada Tone, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na mazizi ya farasi, nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa mtunza farasi na mama yake mshona hatamu. Mdogo wake wa kiume, ambaye kwetu sisi ni mjomba, alizaliwa miaka minne baadaye na kukulia mgongoni kwa dada yake. Bibi alikuwa akisimulia kwamba binti yake, kabla hajajua kusoma, aliweka sikio kwenye matumbo ya farasi na kutangaza, "Huyu ana njaa. Huyu kavimbiwa." Siku moja alimwekea sikio mgeni aliyekuja kumwona babu, akasema, "Na huyu naye hajala." Bibi ikabidi arudi jikoni.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, alikong'ara katika sayansi na kufeli ushonaji, jambo ambalo mama yake hakulisahau. Mwaka 1983 alihitimu stashahada ya maabara ya mifugo, akaajiriwa katika kliniki ya wanyama, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha moja na sinki linalovuja. Jina la Dada Tone alipewa na wenye farasi, kwa sababu hata bomba la sindano likijaa bado alisema, "Tone moja tena, baba. Moja tu."

Ndoa yake ilianzia kwenye friji. Friji ya maabara iliharibika, akaitwa fundi. Fundi alifungua mlango, akazitazama zile chupa nyekundu zilizopangwa, akauliza, "Dada, humu cha kunywa ni kipi?"

"Hakuna. Hiyo ni damu ya farasi. Ukikosea, kesho utafungwa kwenye mkokoteni."

"Sawa, mradi uuendeshe wewe."

Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa watoto watatu. Hadi siku ile ya harusi, friji iliendelea kuharibika mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Kazi yake kubwa ilikuwa damu ya farasi wenye maumivu ya tumbo. Farasi hawezi kuonyesha panapouma, na utumbo wake ni mrefu na umefichika. Kliniki ilipopata kipimo cha protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili unapopambana na uvimbe, mama alikipenda kipimo hicho kama mtoto. Tone moja tu, na jibu lilitoka kabla chai haijapoa.

Mwezi Juni 2004 mjomba alimleta kliniki farasi wake aliyemvutia matofali. Alimwita Bwana Harusi, kwa kuwa alitembea taratibu huku akiangalia kama watu wanamtazama. Siku hiyo alikuwa akitoka jasho, hataki kula, akilala na kuinuka. Daktari alitaka wasubiri kidogo. Akauliza, "Ana kidonda popote? Miguu je?" Mjomba akajibu, "Mizima." Kipimo kikatoka kimepanda mno. Mama ndiye aliyesema, "Daktari, utumbo umeshaharibika. Tusimtese." Farasi akachomwa sindano ya mwisho. Walipompasua, wakaukuta utumbo mzima, msafi, toka mwanzo hadi mwisho. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, hatamu tupu mkononi.

Juzi, tukiwa msibani, mjomba alituita sebuleni sisi watoto pamoja na baba, akatuambia jambo ambalo marehemu hakulijua.

"Alikuwa amekanyaga msumari," alisema. "Ukwato wa nyuma, kushoto. Niliung'oa mwenyewe, nikaziba tundu kwa lami, nikampakia matofali. Kiwandani farasi mwenye jeraha hafanyi kazi, na anayemficha anafukuzwa. Daktari aliponiuliza miguu, nikasema mizima. Mguu ulikuwa unaoza ndani kwa ndani. Damu ilisema kweli kwamba ana uvimbe. Dada aliutafuta tumboni kwa sababu mimi niliufunga mlango wa miguu."

Baba alimtazama. "Shemeji, miaka yote hii?"

"Mwanzo niliogopa kufukuzwa. Baadaye niliogopa kwamba nimechelewa. Na kila mwaka nikawa nimechelewa zaidi."

Ni yeye mwenyewe aliyeomba haya yasomwe hapa, naye yupo hapa anasikiliza.

Kwa kuwa hakujua, mama aliishi akiamini kwamba ameiua riziki ya mdogo wake. Wanafunzi waliokuja maabara aliwaambia, "Protini hii inakwambia nyumba inaungua. Haikwambii ni chumba gani." Kisha akaanza kukitafuta chumba. Kwa miaka mingi alishirikiana na watafiti kupima protini nyingine, ile inayokaa kwenye ukuta wa utumbo wenyewe na kuvuja kwenye damu ukuta huo unapoumia. Alizisoma zote mbili pamoja, na hakuruhusu moja imsemee mwenzake. Kabla hajagusa sindano alimgeukia mwenye farasi: "Kajikwaa? Kachomwa na kitu? Usinifiche, mwanangu, mimi si polisi." Farasi wengi walioletwa kufa walirudi mazizini kwa miguu yao.

Nyumbani, mjomba alipokuja, kiti cha karibu na dirisha kilikuwa chake na sahani ya kwanza ilikuwa yake. Tulipokuwa wadogo tulinung'unika. Mama alitujibu, "Mnyamaze. Nina deni kwake." Juzi mjomba alilikumbuka hilo kabla yetu. "Kila aliponipakulia wa kwanza," alisema, "nilikula."

Mama alistaafu Desemba 2021. Mwaka uliofuata moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, na ngazi za mlangoni zikawa mlima. Tarehe 2 Mei 2024 alilazwa hospitali, ambako aliwafundisha wauguzi kazi yao. "Mshipa huo unakimbia, binti. Njoo upande huu." Mjomba alikwenda kumwona, akakaa, akaongea habari za mvua. Alipoinuka kuaga alisita.

"Dada, kuna jambo."

"Kama ni la Bwana Harusi, nisamehe tu, mdogo wangu. Nimezeeka nalo."

Mjomba alirudi kukaa, uso chini. Mama akadhani ni machungu yale yale ya zamani, akamshika mkono, akamwomba radhi tena. Mjomba akaondoka akiwa amesamehe kosa ambalo halikuwapo.

Mama alifariki dunia alfajiri ya tarehe 11 Mei 2024, baba akiwa pembeni yake. Mjomba alifika wodini asubuhi hiyo amevaa shati lililopigwa pasi. Ametuambia kwamba njiani alikuwa akiyarudia maneno yake ili safari hii asiyameze. Alikikuta kitanda kinatandikwa upya.

Marehemu ameacha mdogo wake wa kiume, mume, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu watano. Mjomba alituomba asitajwe kwenye orodha hii. Tulishauriana na baba, tukamtaja, tena wa kwanza. Hatuwezi kusema mbele yenu kwamba tumemsamehe, maana jambo lenyewe bado bichi na aliyekuwa na haki ya kusamehe hayupo. Lakini ni mdogo wake, na hakuna damu itakayosema vinginevyo.

Dada Tone hakumuua farasi kwa uzembe. Alisoma sawasawa kile alichopewa kusoma. Apumzike kwa amani ambayo tulipaswa kumpa angali hai.