Ndugu Sikuzani Yahaya, Aliyewafundisha Marubani Kuona Gizani

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Sikuzani Yahaya anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi: kumi na miwili ya mwanzo akiwa muuguzi wodini, na iliyobaki akiwa nasi hapa Shule ya Marubani wa Huduma za Vijiji, Tabora. Wanaomjua tayari wanacheka. Wasiomjua na wasogeze viti.

Ni mzaliwa wa Cheyo, binti wa mshona kanzu. Siku ya Uhuru alikuwa zamu wodi ya wazazi, akavisikia vigelegele vya mji kupitia dirishani huku naye akiwa na kichanga mkononi. Vijiji vya Ujamaa vilipoanza kufunguliwa mbali na barabara, shule yetu iliundwa ili ndege ndogo zipeleke dawa na kuleta wagonjwa. Mgonjwa hachagui saa, kwa hiyo marubani walitakiwa wajue kuruka usiku. Ndugu Sikuzani akapelekwa kozi ya afya ya marubani, akarudi na kukabidhiwa chumba cha giza.

Ndani ya chumba hicho mna kibanda cha mbao chenye usukani na saa zote za vipimo vya ndege. Mbele yake ipo meza pana yenye vijitaa vilivyopangwa kama uwanja wa ndege unavyoonekana kutoka angani. Rubani huvaa barakoa, akavuta hewa iliyopunguzwa oksijeni, mwili wake ukadhani umepaa, kumbe yuko palepale chini. “Jicho la usiku ni mlafi wa oksijeni,” Ndugu Sikuzani huwaambia. “Likinyimwa kidogo tu, linafifia. Na Tabora yetu yenyewe imekaa juu. Ukipanda kukwepa mawingu, umeshaanza kupofuka. Ubaya wake hauumi. Unafurahisha!”

Masharti yake hayakuwa ya mchezo. Aliyevuta sigara asubuhi hakuingia, maana moshi nao huiba oksijeni. Katika mkoa unaoishi kwa tumbaku, hilo lilihitaji moyo. Mzee Kashindye, mkulima wa Ipole, alikuja kumuuliza kwa upole kama ametumwa na maadui wa ushirika. Tena kila rubani alifungwa kitambaa cheusi machoni kabla ya zoezi, ili macho yazoee giza. Mchana mmoja muuza karanga wetu, Bi Mwanajuma, aliona msururu wa wanaume wazima waliofungwa vitambaa, wameshikana mabega, wakielekea msalani. Akaweka sinia chini. “Jamani! Hawa ndio wa kuturusha?”

Lakini kisa ambacho Tabora nzima inakidai ni cha mwaka 1973.

Rubani Nassibu Shaban wa Kwihara alikuwa hodari kuliko wenzake, na mkimya kuliko mlango. Ukimsalimu, anakujibu “salama”, mazungumzo yamekwisha. Ndugu Sikuzani wakati huo alikuwa mjane. Alasiri hiyo Nassibu aliingia kibandani, mwandishi wa makala haya akiwa kwenye swichi za taa, na kipaza sauti kikipeleka kila neno darasani. Hewa ikapunguzwa. Punde Nassibu akaanza kucheka.

“Unaona taa ngapi?” Ndugu Sikuzani akamuuliza, vidole vyake vikiwa kwenye mshipa wa mkono wa rubani.

“Zote!” akajibu, macho ameyakodoa ukutani, penye giza tupu. Akaimba kidogo. Kisha, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Bi Mwanajuma nje: “Sikuzani binti Yahaya, nakupenda! Naomba unioe!”

Darasa lilivunjika mbavu kwa kicheko. Watu walianguka kwenye madawati. Ndugu Sikuzani hakutikisika. “Apewe oksijeni kwanza,” alisema. “Akili ikimrudia, atasema tena.” Akafungua koki mwenyewe.

Nassibu akavuta pumzi, akapepesa macho. “Nani amewasha taa?” aliuliza. Hakuna aliyeziwasha. Hazikuzimwa hata mara moja.

Hakukumbuka neno lolote. Wenzake walimsimulia mlangoni, tena kwa kuigiza, naye akaondoka bila kuaga na kuomba safari zote za Kigoma. Siku zikapita. Ndugu Sikuzani alifundisha kama kawaida, ila jioni moja, tukifunga chumba, aliniambia, “Raymundi, miaka yote nafundisha kwamba maneno ya hewa nyembamba si ya kuaminiwa. Safari hii somo langu mwenyewe linaniuma.”

Wiki iliyofuata Nassibu alitumwa kusini ya mbali, kumleta mama aliyeshindwa kujifungua. Wakati wa kurudi jua lilikuwa limezama, na mvua ikamlazimisha kupanda juu ya mawingu. Sisi tulikuwa uwanjani, taa za mafuta zimewashwa pande zote mbili, Ndugu Sikuzani amesimama kando ya machela. Redio ikasema, “Mawingu yamepasuka, lakini uwanja siuoni.” Ndugu Sikuzani akainyakua ile redio.

“Vaa barakoa ya oksijeni, Nassibu! Na usizikodolee taa. Angalia pembeni yake kidogo, ndiko jicho la usiku linakoona.”

Redio ikakoroma. Kisha: “Naziona. Ziko kama shanga.”

Alitua salama. Mama yule alijifungua mapacha hospitalini, nao leo wanasoma shule ya msingi. Nassibu aliteremka, akasimama chini ya bawa, jasho likimtiririka. “Ndugu Sikuzani, nimeambiwa kuna maneno niliyasema.”

“Uliyasema.”

“Yalikuwa ya kweli. Ila niliyapindua. Naomba nikuoe mimi.”

Ndugu Sikuzani akamshika mkono, akaugeuza kwenye taa, akazikagua kucha moja moja kuona kama zina rangi ya buluu. “Oksijeni unayo ya kutosha,” alisema. “Basi nimekubali.” Vigelegele vya uwanjani vilishinda injini. Harusi ilifanyika Cheyo, na marubani walikula pilau kama waliotoka vitani.

Tangu hapo ni amri shuleni kwetu: anayeruka usiku huvaa barakoa tangu ardhini. Hatujapoteza rubani gizani. Mei Mosi iliyopita Ndugu Sikuzani alitunukiwa redio ya Mfanyakazi Bora, anayoisikiliza kwa sauti ya juu mno.

Ndugu Sikuzani, tunakushukuru kwa macho yetu na kwa vicheko vyetu. Wewe na Kapteni Nassibu mjaliwe afya, baraka na uzee mtamu.

Wageni wa karamu ya kumuaga Jumamosi mkumbuke jambo moja. Akina mama wa Kwihara wamemwomba Ndugu Sikuzani aendeshe chumba chao cha uzazi, naye ameanza kabla hata ya kustaafu. Huko kuna mama anayesubiri uchungu siku yoyote. Mkikuta kiti cha mgeni wetu kitupu, anzeni kula. Ameshasema mwenyewe: pilau ikipoa hupashwa moto, mtoto hasubiri.

Raymundi Masele, fundi wa taa, kwa niaba ya wafanyakazi wote