Yeremia Machogu Omwenga, Bwana Afya Aliyetaka Vyoo Viwili

Wachungaji, wazee, wakwe zetu na majirani, kwa niaba ya familia, mimi Momanyi, ndugu mdogo wa marehemu, ninawasomea maisha yake, nanyi mnisamehe nikisoma mbio, kwa maana ni maisha ya mtu ambaye hakuwahi kukalia kiti mpaka kikapata joto.

Yeremia Machogu Omwenga alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 hapa Birongo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Omwenga, aliyeketi hapa mbele yetu, na mama yetu Kwamboka, aliyetangulia. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1943 hadi 1951, akafundisha kidogo, akachoka kusimama mahali pamoja, akaenda kusomea kazi ya afya, na tarehe 2 Februari 1960 akaanza kazi Suneka, kisha mwaka 1965 akahamishiwa Nyaramba. Huko alipanda na kushuka milima kwa baiskeli, akiingia katika boma la mtu alipita kwanza nyuma ya nyumba kabla ya kusalimia, aone choo, kifuniko cha shimo na maji ya kunawa mikono, hata akina mama wakisikia kengele yake walikimbia kuwatoa kuku chooni.

Tarehe 12 Aprili 1961 alimwoa Nyaboke, wakajaliwa watoto wanne, Nyasani, Mong'ina, Kemuma na Makori, na mkaza mwana huyo akaja kuishi katika boma hili, lenye choo kimoja kizuri ambacho marehemu alikichimba mwenyewe.

Linalofuata ni zito, na lisingesomwa hapa kama Mzee mwenyewe hangeagiza lisomwe. Mganga hajigangi. Sote tunaijua ensoni, ile haya iliyopo kati ya mzazi na watoto wake, na kati ya mkwe na mkaza mwana, nasi tunajua kwamba Mzee hangeweza kuingia pale anapoingia mke wa mwanawe, basi kwa heshima zake akawa anakwenda migombani, upande wa juu wa chemchemi tunakochota maji. Marehemu aliliona jambo hilo mwaka 1967, akakosa usingizi, akakosa hamu ya kula, kwa kuwa yeye aliyewakaripia watu wa Nyaramba nzima hakuwa na kinywa cha kumwambia baba yake neno hilo, na mtoto hamwambii baba yake neno hilo. Akanyamaza mwaka mzima, akawa anamhimiza Nyaboke kuchemsha maji, akiuliza kila jioni kama yamechemshwa.

Tarehe 9 Agosti 1968 Kemuma alifariki kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka mitatu. Daktari hakusema ugonjwa ulitoka wapi, nasi hatusemi, lakini marehemu alijisemea mwenyewe mpaka akakonda. Juma lililofuata alichimba choo cha pili, mbali na chemchemi, kisha akamwendea Mzee Obwocha, rika la baba, anayeweza kumtania apendavyo, naye ndiye aliyelipeleka neno. Tangu siku hiyo marehemu hakuuliza tena kama boma lina choo, aliuliza kama lina viwili, na hata wakubwa wake walipomwandikia kwamba sheria inataka kimoja, aliikunja barua akaendelea na safari.

Mwezi wa Mei mwaka huu wa 1977 alishikwa na ugonjwa wa ini, akalazwa, na hata kitandani akawa anawauliza wauguzi maji machafu yanamwagwa wapi. Aliniita akaniambia kwamba msiba huleta wakwe na wazee pamoja, kwa hiyo kabla ya kuchimba kaburi lake tuchimbe vyoo viwili vya waombolezaji. Alifariki Jumapili, tarehe 23 Oktoba. Jumanne vijana walikuja na majembe, nikawaonyesha mahali pa vyoo, wakanung'unika kwamba maiti hangoji choo, na ndipo Mzee Omwenga aliposimama mbele ya wakaza wana wake wote, akalitamka neno ambalo hakuwahi kulitamka mbele yao, akasema vichimbwe vyoo kwanza, kwani mwanawe alinyamaza kwa ajili yake, naye hatanyamaza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, wafanyakazi wenzake wa Suneka na Nyaramba, majirani walioleta kuni na ndizi, na vijana waliochimba. Wazee, choo chenu kiko kulia, nyuma ya ua, wakaza wana kushoto, na maji yako kote kuwili.

Ndugu yangu, pumzika sasa kwa amani. Vyoo vyote viwili, Baba amevikagua.